Duka Lisilojua Kupatana

Bei ya lile koti ilikuwa dola 199 na senti 99, na mamangu akatoa tisini.

Aliitoa kwa adabu zote za Biashara Street ya Mombasa. Kwanza alilipita koti kama halimhusu, akashika jingine, akaguna, akalirudisha. Kisha akalirudia lile alilolitaka, akalipapasa mfukoni, akavuta uzi usiokuwapo, akapandisha zipu na kuishusha mara tatu, akatikisa kichwa. Mimi niliyekuwa nikimfuata sokoni na kikapu tangu sijaanza shule nilizijua hatua hizo kama ninavyoijua Alhamdu. Mwisho akamgeukia mwuzaji, bibi wa Kizungu mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa mkufu, akamwambia kwa Kiingereza cha kuokoteza: tisini, ya mwisho.

Halati, ndugu yake mdogo, aliyekuwa ameshakaa Kanada miaka sita, akasogea taratibu hadi kwenye glovu, akaanza kuzisoma glovu.

Yule bibi hakukasirika wala hakucheka. Alivaa miwani yake, akakishika kile kikaratasi kilichoning'inia mkononi mwa koti, akatusomea kilichoandikwa, kana kwamba tabu ya mamangu ilikuwa macho. Mama akapanda hadi mia. Bibi akasoma tena. Ndipo mama akatumia silaha ambayo haikuwahi kumwangusha kutoka soko la Marikiti hadi la Kongowea: akaanza kwenda zake. Hatua za polepole, shingo imenyooka, sikio liko nyuma. Kwetu ukifika hatua ya tano unaitwa, na ukifika ya saba ujue umetukana bei. Tulifika mpaka kwenye ngazi za umeme. Hakuna aliyetuita.

“Amekataa hata kukasirika,” mama akasema tukiteremka. Alilisema hilo kwa huzuni, kama mtu aliyebisha hodi nyumba yenye taa na isiitikiwe.

Ilikuwa Novemba 1997, wiki ya pili tangu tushuke Toronto. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Mama alivaa buibui juu ya sweta mbili, na chini ya sweta alijifunga leso ya kisutu kifuani, ambayo kwa maneno yake ilishinda sufu yote ya Wazungu. Halati alituvumilia kwa siku kumi katika fleti yake ya Thorncliffe Park, akituona tunavyorudi kutoka kituo cha basi tukitokwa na machozi ya baridi, halafu akasema basi, Jumamosi twenda Eaton.

Njia yake naikumbuka hadi leo. Basi mpaka stesheni ya Pape, treni ya chini ya ardhi mpaka Yonge, unabadilisha, unashuka kusini: Wellesley, College, Dundas. Nauli ilikuwa tokeni, kijisarafu chepesi ambacho mama alikifunga kwenye pindo la leso pamoja na dola zake. Pale Dundas unatoka trenini, unapita kizuizi, na tayari umo dukani. Hujaiona mbingu, hujakanyaga barabara. Mama aliuliza mara mbili kama tumeshatoka kituoni.

Jumba lenyewe, Toronto Eaton Centre, lilifunguliwa mwaka 1977 na sehemu yake ya pili ikaisha mwaka 1979. Mchoraji wake, Eberhard Zeidler, aliazima wazo la kipaa cha vioo kutoka Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilichokiona ni uchochoro. Ghorofa za maduka zilitazamana pande mbili kama roshani za mtaa wetu wa Kibokoni, watu wakipita chini na wengine wakiwachungulia kutoka juu, ila uchochoro huu uliezekwa vioo na haukuwa na harufu. Hilo la harufu ndilo lililonishangaza zaidi. Watu maelfu, na hakuna kahawa chungu, hakuna samaki, hakuna jasho, hakuna udi. Pembeni mwa mlango mmoja tu palinuka manukato, tena mengi kwa wakati mmoja, mpaka mama akapiga chafya.

Na lilikuwa refu. Lilianzia stesheni ya Dundas na kuishia stesheni ya Queen, kwa hiyo ukiingia upande mmoja na kutokea wa pili umetembea kituo kizima cha treni bila kuvaa kofia. Wakazi wa mji walilichukulia hivyo hasa, kama njia. Asubuhi za baridi ungewaona makarani wakilikata kwa mwendo wa haraka, mkoba kwapani, bila kutupia jicho dirisha hata moja.

Mwisho wa kaskazini ndipo lilipokuwa duka lenyewe la Eaton, ghorofa tisa, lililolipa jumba zima jina lake. Na huko mlangoni alikaa mwenyewe: sanamu ya shaba ya mzee mwenye ndevu, ameketi kitini, mikono juu ya viegemeo. Wafanyakazi wake walimtoa zawadi mwaka 1919, duka lilipotimiza miaka 50. Mwili mzima ulikuwa mweusi wa uzee, isipokuwa ncha ya kiatu kimoja, ambayo iling'aa kama dhahabu ya bi harusi. Watu walikuwa wakiisugua wakipita, kwa bahati. Niliwaona wanawake waliovaa makoti ya manyoya wakiinama kusugua, niliwaona wanafunzi siku za mitihani, na siku moja nilimwona mzee mmoja akisugua huku ameangalia upande mwingine, kama mtu anayechukua kashata bila ya kuonekana. Mama hakuigusa. Alisema hiyo ni shirki. Lakini kila alipopita alimtazama usoni, na baada ya habari ya lile koti akaanza kumtazama kama mtu mwenye deni naye.

Na kweli walikuwa na deni. Timothy Eaton alikuwa mhamiaji kama sisi, kutoka Ireland, na duka lake la kwanza katika barabara ya Yonge alilifungua mwaka 1869 kwa masharti mawili: utalipa taslimu, na bei ni moja kwa wote. Wakati ule huo haukuwa utaratibu wa kawaida. Watu wa Toronto walikuwa wakikopa na kupatana kama sisi tu. Bei ilitegemea nani anauliza, ana haraka kiasi gani, na baba yake ni nani. Mzee yule akaandika bei kwenye karatasi, akaifunga kwenye nguo, akawaambia wauzaji wake wanyamaze. Asiyeridhika na kitu akirudishe apewe fedha yake. Mwaka 1884 akachapa katalogi, na watu wa mashamba ya mbali wakawa wanaletewa kwa posta, kwa bei ile ile ya mjini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza cha wageni ndiye aliyetusimulia hayo, akiwa na fahari, nami nikayabeba nyumbani moto moto. Nilimwambia mama pia kwamba Eaton alikuwa Mkristo wa Kimethodisti mkali kweli, hakuuza tumbaku dukani kwake, na kwa miaka mingi madirisha ya duka yalishushiwa pazia Jumapili ili watu wasitamani vitu siku ya ibada.

“Alibakisha kusilimu tu,” mama akasema. Akafikiri kidogo. “Lakini huyo ndiye aliyeniharibia.”

Sikujua la kumjibu, na kwa miaka kadhaa nimebadilisha mawazo kuhusu nani alikuwa na haki. Maana pale Biashara Street mama alikuwa na neno lake la kufungulia mazungumzo: mimi si mtalii. Alilisema kwa sababu mtalii ana bei yake. Doti ya leso ile ile, duka lile lile, akiingia Mjerumani imeshapanda. Sasa Toronto sisi ndio tuliokuwa watalii, tumeingia na buibui na Kiingereza cha kubahatisha, na hakuna mwuzaji aliyetuongezea hata senti. Bei ya Eaton haikutuona wageni. Tatizo ni kwamba haikutuona kabisa. Mama alizoea kwamba ukinunua kitu unaulizwa habari za watoto, unaambiwa umepotea siku nyingi, unakumbushwa kwamba wewe ni mteja wa kwanza na hujanifungulia, unachekwa, unaombewa dua, na mwisho unapewa nyongeza. Bei ndiyo iliyokuwa kisingizio cha hayo yote. Mtu akishakuandikia bei kwenye karatasi, hana la kukuuliza.

Hata karatasi yenyewe haikuwa kweli yote. Siku ile ile ya koti alinunua glovu za dola 10, zile zile Halati alizokuwa akizisoma. Kufika kwa keshia akaombwa 11 na senti 50. Mama akamtazama keshia, akatazama glovu, akamtazama Halati. Ikabidi Halati amweleze pale pale, foleni iko nyuma yetu, kwamba kuna kodi mbili, asilimia 7 ya serikali kuu na asilimia 8 ya mkoa wa Ontario, na zote huongezwa mwishoni.

“Kwa hivyo bei yao hupanda,” mama akasema. “Ila haishuki.”

Akalipa. Hesabu ilikuwa sawa na alijua kuwa ni sawa, na hilo ndilo lililomkera.

Koti alikuja kulipata mwezi uliofuata katika duka la mitumba la upande wa mashariki wa mji. Koti zito la sufu ya kijivu, dola 18. Alilishika akacheka, akaniambia makoti namna hii aliwahi kuyaona Kongowea yakitoka kwenye mabelo, akajiuliza ni nani huko duniani anayeyavaa na ni mwuzaji gani mpumbavu anayenunua belo lenye makoti katika mji wa joto kama Mombasa. Sasa amelikuta koti kabla halijafungwa belo. Alijaribu kupatana bei yake pia. Nalo lilikuwa na karatasi.

Msimu ule wa baridi, na ule uliofuata, nilikwenda Eaton karibu kila Jumamosi. Sikuwa na fedha. Nilikwenda kwa sababu palikuwa na joto, palikuwa na mwanga, na kukaa hakukutozwa kitu. Palikuwa na chemchemi katikati ambayo maji yake yalitulia, yakatulia, halafu ghafla mnara mmoja wa maji unaruka juu hadi ghorofa za kati, na watoto wanapiga kelele kama hawakujua utakuja. Chini ya maji kulikuwa na sarafu. Nilizihesabu kwa macho nikazigeuza shilingi.

Upande wa kusini, chini ya vioo, kulikuwa na bata bukini. Sitini, wameruka kwa kundi, mabawa yamekunjuliwa, miguu imeanza kushuka kama wanaotaka kutua Queen Street. Ni kazi ya msanii Michael Snow, ya mwaka 1979, inaitwa Flight Stop. Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo, na kumbe nilikuwa nimekosea mbele ya sheria. Krismasi ya mwaka 1982 wenye jumba waliwafunga bata wote tepe nyekundu shingoni. Snow akaenda mahakamani, akasema mmeifanya kazi yangu kichekesho, ni kama kuivisha herini sanamu ya Venus de Milo. Jaji akampa haki, tepe zikavuliwa. Kesi hiyo wanafunzi wa sheria wa Kanada wanaisoma hadi leo: mtu anaweza kukuuzia kitu, ukakilipia, kikawa chako, na bado usiwe na ruhusa ya kukivisha utakavyo. Mama alipoisikia akaona ni haki kabisa. Alikuwa amewahi kumnyang'anya mwanamke leso aliyomuuzia mwenyewe, baada ya kumkuta anapigia deki.

Nikichoka kelele nilitokea mlango wa magharibi. Nyuma tu ya jumba, limebanwa na kuta zake, kuna kanisa dogo la matofali, Holy Trinity, la mwaka 1847. Waliochora Eaton Centre walitaka kulibomoa, kama walivyotaka pia kulibomoa jengo la zamani la halmashauri ya mji, na waumini wakakataa. Jumba likalazimika kulizunguka. Kanisa lile lilijengwa kwa fedha za mwanamke mmoja wa Uingereza ambaye hakutaka jina lake litajwe, na sharti lake lilikuwa kwamba viti viwe bure kwa kila mtu, milele, wakati ambapo makanisa mengine yalikodisha viti kwa familia zenye uwezo. Kwa hiyo pale pale, ukuta kwa ukuta, palikuwa na bei moja kwa wote na palikuwa na bure kwa wote, na mimi, kijana wa madrasa ya Kibokoni, nikikaa kwenye kiwanja katikati yao nikila sambusa ya baridi ya Halati.

Agosti 1999 Eaton alifilisika. Ilikuwa taarifa ya kwanza kwenye televisheni, kabla ya siasa, na Halati aliacha sufuria jikoni akaja kusimama sebuleni na mwiko mkononi. Duka la miaka 130. Waliomwona Nakumatt, yale maduka makubwa ya Kenya, anavyokufa, rafu zikipungua wiki baada ya wiki mpaka pakabaki sabuni na viberiti, wanajua namna ya huzuni hii. Ni ya kijinga kidogo, maana si ndugu yako, na hata hivyo unaionea haya nyumba tupu.

Mauzo ya mwisho yakaanza. Mabango makubwa ya manjano na mekundu yakatundikwa hadi juu ya kichwa cha mzee wa shaba: asilimia 20, kisha 30, kisha 50. Mama wakati huo alikuwa akifua mashuka ya hoteli zamu ya usiku, na kila Jumamosi asubuhi, badala ya kulala, alipanda treni akaenda. Hakununua. Alikwenda kuangalia bei inashuka. Nilimfuata mara mbili tatu, nikamwona anavyotembea kati ya rafu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa na hana uhakika kama atatambuliwa. Mara ya mwisho akanipeleka ghorofa ya makoti. Yule bibi mwenye miwani hakuwapo. Makoti yalikuwa kwenye mafungu, ukubwa umechanganyika, na moja lililofanana sana na lile la dola 199 lilikuwa limeshuka chini ya tisini. Alilivaa, akajitazama kiooni mbele na nyuma, akalivua.

“Chukua, mama,” nikamwambia.

“Nina koti.” Akalirudisha kwenye henga, akalifunga zipu vizuri. “Na huku si kushusha bei. Huu ni msiba.”

Ghorofa ya viatu ilikuwa karibu imekwisha. Viatu vilivyobaki vilikuwa vya miguu ya ajabu. Lakini pembeni, karibu na lifti, walikuwa wameanza kukusanya vitu vya duka lenyewe: vioo, meza, midoli ya kuvalishwa nguo bila mikono, vibao vya namba za ghorofa, maboksi ya henga za mbao. Kijana mmoja mwenye futi ya kupimia mfukoni alikuwa amekaa juu ya kasha akinywa soda. Mama akaona kigoda cha mwuza viatu, kile chenye mteremko mbele ambapo mteja huweka mguu, ngozi yake ya kijani imepasuka kidogo kwenye pindo. Akakigeuza juu chini. Akakigeuza tena. Alikuwa anatafuta karatasi, na haikuwapo.

Akamuuliza kijana ni ngapi. Kijana akainua mabega.

“Utanipa ngapi?” akauliza.

Mama alinyamaza kwa muda mpaka nikadhani hakuelewa Kiingereza chake. Halafu nikaona mabega yanashuka, shingo inanyooka, na mkono unakwenda kwenye ule upasuko wa ngozi.

Kijana alianzia ishirini na tano. Mama akatoa tano. Kijana akacheka, akasema hiki ni cha Eaton, historia hii. Mama akasema historia imepasuka, tazama. Kijana akaja ishirini, akaja kumi na tano, akauliza mama anatoka wapi, akasema bibi yake ni wa Trinidad na ana tabia hii hii. Mama akasema msalimie. Akatoa nane. Kijana akakataa. Mama akakiweka kigoda chini kwa upole, akanishika mkono, tukaanza kwenda zetu. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Hatua ya nne tukaitwa.

Dola kumi, na henga sita juu yake, za nyongeza. Nyongeza alilazimika kuieleza, na kijana akaona ni jambo la busara.

Treni kutoka Dundas ilikuwa imejaa. Mama akakitua kigoda karibu na mlango, akakaa juu yake, henga mapajani, koti la mitumba limefungwa mpaka kidevuni. Watu walimtazama. Yeye alinitazama mimi.

“Alianzia ishirini na tano,” akasema. “Umemsikia? Ishirini na tano!”

Akairudia Bloor tulipobadilisha treni, na tena Castle Frank, na mpaka Pape alikuwa bado anaisema.